Muhuri Usioshika

Lilikuwa faili la tisa kwa asubuhi ile, na lifti ilikuwa imekufa tangu wiki iliyotangulia. Mpelelezi wa kitengo cha madai, mama ambaye ofisi nzima ilimwita Darubini hata akiwapo, alilibeba hadi ghorofa ya nne akipumzika kila kona ya ngazi. Alipofika aliketi, akavua viatu chini ya meza, akasema "Jamani!" ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia. Kisha akalifungua.

Hajasoma ukurasa wa pili, mkuu wake wa kitengo akachungulia mlangoni. Alikuwa na umri wa mwanawe wa kwanza, na haraka ya mtu ambaye hajawahi kuumwa magoti.

"Mama, hilo la fundi seremala limefikia wapi? Kamati inakaa kesho saa tatu."

"Ndiyo kwanza nimelifungua."

"Lina nini la kukuchelewesha? Pensheni anachukua tangu mwezi wa tano. Sheria inajulikana."

"Anadai ugonjwa ulimpata kabla."

"Wote huwapata kabla, mama," alisema mkuu, akaenda zake.

Hapo hakukosea sana. Sheria yenyewe ilikuwa fupi, na Darubini aliijua kama jina lake. Ukishaanza kuchukua pensheni ya uzeeni, huwezi tena kupewa posho ya ulemavu, isipokuwa uthibitishe kwamba ulemavu ulikupata kabla ya siku ya kwanza ya pensheni hiyo. Ikiwa ni siku moja kabla, unapata. Ikiwa ni siku moja baada, pole, rudi nyumbani. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kutafuta hiyo siku moja ilipoangukia, na alikuwa amechoka nayo.

Mdai alikuwa na miaka hamsini na tano. Alistaafu karakana ya fenicha, pensheni ikaanza tarehe mosi mwezi wa tano. Ugonjwa ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto, daktari aliandika, bado linaona mwanga wa dirisha, na huo mwanga unaweza kubaki akipasuliwa kabla mwaka haujaisha. Mwenye kadi ya posho hupasuliwa bure. Mwenye pensheni peke yake hujitegemea, na pensheni ya fundi huyu, aliyestaafu mapema, isingelipia hata kitanda.

Ushahidi ulikuwa mmoja tu, cheti cha kliniki ya macho. Tarehe kumi na sita, mwezi wa tatu. Mwezi mmoja na nusu kabla ya pensheni. Safi kabisa.

Mno, hata.

Darubini alivaa miwani. Makarani wa mapokezi wana amri ya zamani: muhuri wa kupokea ugongwe juu ya tarehe, ili mtu asije akaibadilisha baadaye. Huu ulikuwa umegongwa vizuri, duara la buluu, ila katikati palikuwa na doa jeupe la ukubwa wa ukucha, mahali penye tarakimu ya mwezi. Alitoa karatasi nyingine zilizopokelewa siku ile ile. Zote mihuri yake ilijaa. Alikipeleka cheti dirishani, akakiinamisha. Pale penye doa karatasi ilikuwa nyembamba, na iling'aa.

Akapiga simu kliniki.

"Nisomee daftari lako, mwanangu. Cheti namba elfu mbili mia mbili na kumi na nane."

Upande wa pili kurasa zilifunuliwa, mtu akapiga miayo. "Kumi na sita, mwezi wa tano."

"Wa tatu?"

"Wa tano, mama. Mwezi wa tatu tulikuwa bado kwenye elfu moja mia sita na kitu."

Basi. Tano imekwaruzwa ikafanywa tatu. Angeweza kuandika mistari miwili akafunga faili kabla ya chakula cha mchana, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini lile doa lilimkera. Watu wa kughushi aliwajua. Wengine hupaka dawa nyeupe, wengine huchoma tundu kwa sigara wakasema ni bahati mbaya. Aliyekwaruza cheti kisha akakilainisha mpaka kikang'aa, huyo hajamwona. Tena kulikuwa na swali ambalo kanuni zilimtaka aulize. Mdai akighushi mwenyewe, dai linakufa na kesi inafunguliwa. Aliyeghushi akiwa mtu mwingine na mdai hajui, cheti kinaondolewa na dai linasikilizwa kwa ushahidi mwingine, ukiwapo.

Akatafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu.

*

Nyumba ya fundi ilikuwa vyumba viwili mwisho wa uchochoro. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani, marundo ya sare za shule, na binti yake, mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye pini mdomoni. Alizitema alipoona kitambulisho.

"Karibu, mama. Kaa popote pasipo na nguo."

"Nani huyo?" sauti iliuliza kutoka dirishani. Mzee alikuwa ameketi pale, uso ameuelekeza kwenye mwanga. Alikuwa amenyolewa ndevu vizuri.

"Mtu wa posho, Baba."

"Mwambie kiti cha mlangoni kina mguu mbovu. Akae hicho cha pili."

Darubini alikaa cha pili. Kwenye meza ya cherehani aliona wembe wa kufumulia nyuzi, na macho yake yakabaki pale. Binti aliona yanakotazama.

"Kuna nini, mama?"

"Wembe huu unautumia wewe peke yako?"

"Ndiyo. Na umekuwa butu, hata uzi haukati sawasawa. Kwa nini?"

Uso wake haukubadilika hata kidogo. Darubini alimgeukia mzee.

"Mzee, uliacha kuona lini?"

"Baada ya kustaafu."

Binti aliinua kichwa. "Baba!"

"Baada ya kustaafu," mzee alirudia, taratibu, kama anayesomewa kiapo. "Siku ya mwisho kazini nilikuwa naona kama unavyoniona wewe."

"Kwenye fomu umesema ilianza mwezi wa tisa mwaka jana."

"Fomu alijaza mtoto."

"Nilijaza ulichoniambia wewe mwenyewe!" Binti alisimama, sare zikamwagika. "Mama, msimamizi wake alikuwa anamrudisha mpaka hapa mlangoni. Chai alikuwa anaimimina nje ya kikombe tangu wakati huo. Mimi shahidi."

"Mtoto hatumwandiki kuwa shahidi wa mzazi," alisema Darubini. "Si mimi niliyetunga."

Aliweka kalamu chini. Watu wa kudanganya ili wapate posho amewahoji mpaka amewachoka. Mtu wa kudanganya ili aikose, huyo alikuwa wa kwanza. Akatoa cheti kwenye faili akakiweka mikononi mwa mzee.

"Niambie hiki ni nini."

"Karatasi," mzee alisema, akatabasamu. Kidole gumba kilipita juu, kikarudi, kikasimama. "Hapa pamepigwa msasa. Laini, ule wa kumalizia. Halafu pakapakwa nta kidogo, uso urudie kuteleza." Alikipitisha kidole tena, na sasa alikuwa anafurahi waziwazi, mtu aliyerudishwa kwenye fani yake. "Hii kazi ya fundi, mama. Tena kafanya vizuri. Pameandikwa nini?"

"Tarehe. Mwezi wa tano umefanywa wa tatu."

Tabasamu liliondoka. Kidole hakikuondoka. Darubini alimwona anahesabu watu anaowajua wenye mkono wa namna ile, wala hesabu haikuwa ndefu.

"Ni mimi," mzee alisema.

"Wewe?"

"Mimi. Andika hapo. Nilifuta mimi."

"Baba, unasema nini? Unajua unasema nini?"

"Nyamaza."

"Mzee," alisema Darubini, "cheti hiki kimetolewa tarehe kumi na sita mwezi wa tano. Siku hiyo daktari aliandika kwamba huoni kidole mbele ya pua. Ukafutaje tarakimu usiyoiona?"

"Utajua mwenyewe utakavyoandika. Ila andika ni mimi. Nitaweka dole gumba."

"Mdai akikiri, kamati haiulizi alifanyaje. Posho huipati. Jicho hilo nalo—"

"Nimelisikia la jicho."

Binti alikuwa analia sasa, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, anaokota sare moja moja na kuzitupa juu ya cherehani. Alimsindikiza Darubini hadi uchochoroni.

"Karatasi zilipelekwa ofisini na nani?" Darubini aliuliza. "Wewe?"

"Mimi nilikuwa nimempeleka kliniki. Alizipeleka huyo huyo msimamizi wake. Nyapara, ndivyo wanavyomwita. Alipita asubuhi akasema anaenda mjini, nimpe. Nikaona amenipunguzia safari."

"Walianza kujuana lini?"

"Kabla mimi sijazaliwa." Alijifuta uso kwa kipande cha kitambaa. "Kila Jumapili yuko hapa. Anamnyoa ndevu, anamsomea gazeti. Mama, hilo neno umeliandika? Kwamba ni Baba aliyefuta?"

"Bado," alisema Darubini, akaanza kutembea.

*

Karakana ilisikika kabla haijaonekana. Misumeno ilikuwa inalia, vumbi la mbao limeganda kwenye kila kitu, na Nyapara alitoka ndani yake akiwa mweupe kuanzia kope mpaka viatu. Mwembamba, penseli sikioni, kidole kimoja cha mkono wa kushoto kimepungua pingili. Alimpeleka mgeni kwenye kibanda chake cha vioo pembeni ya ukumbi, akafuta kiti kwa shati lake.

"Nimekuja kwa habari ya fundi wako aliyestaafu."

"Rula?" Nyapara alicheka kidogo. "Tulimwita hivyo kwa macho yake. Akitazama ubao tu anakwambia urefu. Unapima kwa tepu, unakuta hajakosea."

"Macho yalimharibikia lini?"

"Baada ya kustaafu. Alikuwa fundi safi hadi siku ya mwisho. Aliona kama mimi na wewe."

Maneno yale yale, karibu kwa mpangilio ule ule. Kupitia kioo aliona ukuta wa mbali wa karakana, umetundikwa fito za mbao mamia kwa mamia, kila moja na msumari wake.

"Zile ni nini?"

"Fito za vipimo." Nyapara alionekana kufurahi kwamba swali limehama. "Hapa hatupimi samani kwa tepu kila mara, tepu zinadanganya. Kila oda ina ufito wake. Urefu wa mguu, upana wa meza, droo zinapoanzia, vyote vimetiwa alama juu ya ufito mmoja. Mteja akirudi baada ya miaka mitano anataka kiti kingine kama kile, tunashusha ufito. Hatuutupi."

"Na hujulikanaje ni wa nani?"

"Unaandikwa. Oda, tarehe, fundi aliyepima—"

Alisita, lakini alikuwa amekwisha sema. Darubini alikuwa amesimama tayari.

Ilimchukua saa nzima. Fito za Rula zilikuwa na herufi moja iliyozungushiwa duara, na alizishusha moja moja, akazipanga chini kwa tarehe, magoti yanamlaani. Vijana wa misumeno walimpisha bila kuuliza, na hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni. Za mwaka juzi zilikuwa na mistari ya penseli, myembamba, safi. Za mwanzo wa mwaka jana vilevile, ingawa kufikia mwezi wa saba penseli ilikuwa nene, kama imekandamizwa. Halafu mwezi wa tisa, tarehe nne, kabati la vitabu. Hapakuwa na penseli. Kila alama ilikuwa mkato mdogo wa msumeno ukingoni mwa ubao, mahali ambapo ukucha ungeingia. Na kutoka hapo zote zilikuwa za mikato, ishirini na tatu kwa idadi, hadi mwisho wa mwezi wa nne.

Kitu kingine. Mpaka mwezi wa nane tarehe ziliandikwa kwa mwandiko mkubwa wa kulala. Kuanzia tarehe nne mwezi wa tisa ziliandikwa kwa mwandiko mdogo uliosimama. Darubini alikuwa ameuona mwandiko huo dakika chache nyuma, kwenye ubao wa zamu ndani ya kibanda.

Alirudi kibandani na fito mbili, wa mwezi wa nane na wa mwezi wa tisa, akaziweka juu ya meza ya Nyapara.

"Mafundi wangapi hapa wanakata badala ya kuchora?"

Nyapara alizitazama bila kuzigusa.

"Hakuna," alisema.

"Kwa nini Rula aliacha penseli?"

Nje msumeno ulikata ubao mpaka mwisho, ukatulia.

"Nimetoka kwake sasa hivi," Darubini alisema. "Nilimpa cheti akakishika. Akaniambia kimepigwa msasa wa kumalizia na kupakwa nta. Akakusifu, kwa kweli, kabla hajajua ni wewe. Nta ndiyo iliyokusaliti, fundi. Wino wa muhuri haushiki juu ya nta. Mghushi wa kawaida angekwaruza akaacha. Wewe hukuweza kuacha uso umeparuka."

"Akasemaje?"

"Amekiri. Anasema amefuta yeye."

"Mjinga yule!" Nyapara alisema. Aliketi kwenye kiti alichomfutia mgeni, akashika kichwa, na vumbi likamdondokea magotini. "Mjinga mkubwa, Rula. Ee Mungu wangu."

Darubini naye alichukua stuli, kwa sababu kusimama kulikuwa kumemshinda.

"Alinifuata mwezi wa tisa," Nyapara alisema hatimaye. "Akaniambia, ndugu yangu, mistari siioni. Kanuni ya hapa, mtu asiyeona hakai karibu na msumeno hata dakika moja. Anaondoka siku hiyo hiyo. Na msimamizi aliyejua akanyamaza anaondoka naye. Alikuwa amebakiza miezi minane afikie pensheni ya mapema. Nikasema, miezi minane ni nini? Tutamficha. Nikamtoa kwenye msumeno mkubwa nikamweka meza ya vipimo. Yeye anakata alama anapapasa, mimi namwandikia. Jioni namrudisha kwao. Vijana niliwaambia atakayefungua mdomo atanitambua. Hospitali tulisema aende akishastaafu, asije akarudi na barua ikamponza."

"Mlijua kwamba kuna posho?"

"Posho gani? Sisi tunajua mbao, mama." Alimtazama. "Angekuja kwenu mwezi ule wa tisa, ingekuwaje?"

Darubini angependa kutojibu. "Angepata. Bila maswali. Na jicho la kulia pengine lingekuwapo."

Nyapara alilia basi, kimyakimya, machozi yanachora njia kwenye vumbi. Alimlilia rafiki yake na alijililia mwenyewe, na Darubini alimwonea huruma wala hakujificha, alitoa kitambaa chake akampa.

"Binti yake aliponiambia cheti kina tarehe mbaya," Nyapara alisema, "nikaona hii ni kazi ndogo. Niirekebishe, nisimwambie mtu, na karakana isijue lolote. Nilidhani nimewaokoa wote wawili."

"Sikiliza sasa. Fito hizi zinathibitisha kwamba hakuwa anaona miezi minane kabla ya pensheni. Lakini ubao hausemi. Lazima mtu aandike kwamba hizo tarehe ni mwandiko wake na kwa nini aliziandika yeye. Na mtu huyo huyo aandike kwamba cheti alikifuta yeye, mdai hajui. Yote mawili. Moja halitoshi."

"Nikiandika, namwaga unga."

"Ndiyo."

"Nimebakiza miezi saba, mama. Mimi nami."

"Nilidhani hivyo."

"Na polisi?"

"Huenda. Sikudanganyi."

"Nisipoandika?"

"Nitaandika nilichonacho. Cheti cha kughushi, mdai amekiri. Kesho saa tatu na nusu limekwisha, na hilo jicho la kushoto ndiyo basi tena." Alifungua mkoba akatoa karatasi ya maelezo, yenye mistari, akaisukuma mbele yake. "Siwezi kukulazimisha. Tena, nikwambie ukweli, sina nguvu za kukulazimisha. Ofisi inafungwa saa kumi, na nina ngazi za ghorofa nne."

Nyapara aliitazama karatasi. Aliwatazama vijana wake kupitia kioo, kila mmoja kwenye meza yake, kisha saa ya ukutani. Akatoa penseli sikioni. Darubini alitikisa kichwa, akampa kalamu ya wino.

Aliandika polepole, kwa ule mwandiko mdogo uliosimama, ulimi umejitokeza pembeni mwa mdomo. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Mwishoni, kwenye tarehe, alikosea akaandika mwezi wa saba badala ya wa nane. Alinung'unika. Mkono wa kushoto ulienda wenyewe kwenye kipande cha msasa kilichokuwa kwenye ukingo wa meza, ukakishika.

Nyapara aliuona mkono wake. Alikiacha kile kipande, akapiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, akaandika mwezi wa nane juu yake na kutia saini pembeni.

"Hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Darubini aligonga muhuri wake mdogo wa safarini juu ya tarehe. Wino ulishika duara zima. Alikunja karatasi, akazifunga zile fito mbili kwa kamba ya katani, akazibeba begani kwa kuwa hazikuingia mkobani. Alikuwa amefika mlangoni Nyapara alipomwita.

"Mama. Naweza kupata nakala?"

"Ya nini?"

"Jumapili huwa namsomea gazeti," alisema Nyapara. "Wiki hii nitamsomea hiyo."